Kutoka Ujima Hadi Orodha ya Kaya Maskini: Historia ya Kuwatunza Wasiojiweza Nchini Mwetu

Katika madarasa ya itikadi swali moja hurudi kila mara, na huulizwa zaidi na vijana. Ikiwa Ujamaa wetu una mizizi yake katika maisha ya wazee wetu, na ikiwa wazee hao walitunzana bila ya kuwa na wizara wala mfuko, kwa nini leo tunahitaji idara, maofisa na ruzuku kwa ajili ya wakongwe, wajane, yatima na walemavu? Wengine huuliza kinyume chake: je, misaada hii haiwazoeshi watu kunyoosha mkono badala ya kushika jembe? Maswali haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yana kosa moja. Yote yanaichukulia kazi ya kuwatunza wasiojiweza kana kwamba ni suala la moyo mwema au moyo mbaya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni suala la historia. Maana yake ni kwamba hapana budi tuulize nani alimiliki ardhi na nyenzo za kazi, nani alichukua matunda ya nguvu za mtu alipokuwa kijana, na nani akaachiwa mzigo wake alipozeeka.

UJIMA NA MIPAKA YAKE

Kada ambaye amesoma hotuba tu, bila ya kusoma historia, anaweza kudhani kwamba kabla ya kuja kwa wakoloni kila mtu alishiba. Haikuwa hivyo. Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za Tanganyika ardhi haikuuzwa, na mwenye nguvu za kulima alipewa mahali pa kulima. Ni kweli pia kwamba kazi nzito zilifanywa kwa pamoja. Wapare waliziita msaragambo, na kila sehemu ilikuwa na jina lake. Aliyeugua wakati wa kupalilia alipaliliwa. Mgeni alilishwa, na methali yetu inasema alilishwa siku mbili, siku ya tatu akapewa jembe. Tumezoea kuitaja methali hii tunapowasema wavivu. Nusu yake ya kwanza tunaipita haraka, nayo inasema kwamba kwa siku mbili nzima mtu alikula bila ya kuulizwa ametoka wapi wala ana nini.

Utani ulikuwa mpango mwingine, na kwa maoni yetu haujapewa heshima inayostahili. Leo vijana wengi wanaujua kama mzaha wa msibani. Lakini tutazame njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Tabora na Ugogo, ikaishia Bagamoyo. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliipita njia hiyo kila mwaka wakibeba pembe za ndovu na vitambaa. Mpagazi aliyeanguka njiani alikuwa mbali na ukoo wake kwa mwendo wa majuma mengi. Nani angemwuguza? Nani angemchimbia kaburi? Mtani wake. Kwa utani Mnyamwezi na Mzaramo, waliokuwa wageni kabisa kwa damu na kwa lugha, walikuwa na wajibu wa kupeana chakula, kuuguzana na kuzikana. Kwa hiyo basi ilikuwa bima ya msafiri, na malipo yake yalikuwa ni kwamba na wewe utafanya vivyo hivyo.

Hata hivyo mipaka ilikuwepo. Aliyeita watu wa ujima alitakiwa awe na pombe na chakula cha kuwapa, na mjane asiyekuwa na watoto wa kiume hakuwa na ghala la kutosha kuwaita. Aliyetunzwa alitunzwa kwa sababu alikuwa wa ukoo fulani, na asiye na ukoo alikuwa karibu sana na utumwa. Tena, njaa ilipokuwa kubwa kupita kiasi, ujima ulikatika, maana kijiji chenye njaa nyumba zote hakina cha kugawana. Watu walikwenda kuhemea, yaani kutafuta chakula mbali kwa kubadilishana na kazi au mali, na palipokosekana mali watu wenyewe waliwekwa rehani. Katika miaka ya 1830 ukame uliipiga nchi ya Wazigua vibaya mno hata wengi wao wakaingia utumwani Pwani na Unguja, na wengine wakapelekwa mpaka Somalia, ambako wazao wao wako hadi leo. Anayefundisha Ujamaa akaificha sehemu hii anawadanganya wanafunzi wake.

FADHILA ZA WENYE MALI

Pwani palikuwa na desturi nyingine, ile ya sadaka, zaka na wakfu. Nyumba au shamba liliwekwa wakfu ili mapato yake yahudumie msikiti, wasafiri au maskini. Wamisionari nao walijenga vijiji vya watumwa waliokombolewa, cha Bagamoyo kikianza mwaka 1868. Matajiri wa Kihindi walitoa fedha za hospitali. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo na Unguja aliyefariki mwaka 1897, alitoa fedha za kuwatibu maskini Dar es Salaam, na jina lake bado lipo katika jengo moja la hospitali ya Muhimbili.

Hatusemi haya kumdharau marehemu. Wagonjwa wengi walipona kwa fedha zake, na wapo matajiri wa zama zile ambao hawakuacha hata kisima. Lakini mwanafunzi wa itikadi ni lazima aulize fedha hizo zilitoka wapi. Zilitoka katika biashara ya misafara, na misafara ilitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Mpagazi aliyelazwa katika kitanda cha sadaka alikuwa amekwisha kukilipia kitanda hicho kwa bega lake, ila hakuna daftari lililoandika hivyo. Katika daftari aliandikwa kuwa ni maskini aliyesaidiwa.

MKOLONI ANAMTENGENEZA MASKINI

Umaskini wa zamani ulitokana zaidi na mvua, magonjwa na vita. Ukoloni ulileta umaskini wa aina mpya, unaotengenezwa na watu. Hakuna mfano ulio wazi kuliko wa Ugogo. Katika vita ya 1914 hadi 1918 majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mgogo alikuwa na akiba yake dhidi ya ukame, nayo ilikuwa ni ng'ombe. Mvua zilipokosekana mwishoni mwa vita, akiba hiyo ilikuwa imekwisha kuliwa na askari. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kwamba iliwaua watu wapatao 30,000 katika nchi yenye watu kama 150,000. Ukame wenyewe haukuwa mgeni Ugogo. Jambo geni lilikuwa kukabiliana nao mikono mitupu.

Baada ya vita ukaja utaratibu wa manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji wanaume, na wanaume hao walitolewa Kigoma, Songea, Singida na kwingineko, wakisukumwa na kodi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwakusanya, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mshahara wa manamba ulipimwa kwa tumbo la mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Alipovunjika mguu au kuzeeka alirudishwa kwao. Maofisa wa kikoloni walikuwa na maelezo yao tayari: Mwafrika ana jamaa zake, kwa hiyo hahitaji pensheni. Tazama werevu wa unyonyaji huu. Ujima wa mnyonge uligeuzwa kuwa ruzuku kwa bepari. Mama wa Kigoma aliyemlea mtoto mpaka akapata nguvu, kisha akampokea tena akiwa hana nguvu, alikuwa akiihudumia kampuni ya mkonge bila ya kulipwa hata senti moja.

Na yule ambaye hakurudi kijijini, akabaki mjini bila kazi, alikutana na askari. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilitunga sheria juu ya mafukara, na mwaka 1944 ikaongeza sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Neno la maofisa lilikuwa "wahuni". Kwa mkoloni, basi, mtu mwenye shida katika mji lilikuwa ni suala la polisi.

Idara ya ustawi wa jamii ilikuja baadaye, mwishoni mwa vita ya pili ya dunia, kwa sababu askari walikuwa wanarudi kutoka Burma na kwingineko na serikali iliogopa kukaa kwao bila kazi. Mijini vikajengwa vituo vya kusoma magazeti, kushona, kucheza dansi na kusikiliza redio. Ukumbi wa Arnautoglu jijini Dar es Salaam ulitokana na zama hizo. Vituo hivi havikuwa vibaya, na watu walivitumia, lakini mwenye njaa hakwenda huko kutafuta chakula.

VYAMA VYA KUZIKANA

Alikwenda wapi basi? Alikwenda kwa wenzake. Hapa ndipo ilipo sura ambayo kada anapaswa kuisoma kwa makini kuliko zote, kwa sababu Chama chetu kilizaliwa ndani yake.

Ngoma za beni zilianza Pwani mwishoni mwa karne ya 19, zikaenea bara pamoja na askari na makarani. Mzungu aliyezitazama aliona watu wanaoiga gwaride. Hakuona daftari la michango lililokuwa nyuma ya tarumbeta. Marini na Arinoti walikuwa na wafalme wao na vyeo vyao, na walikuwa pia na wajibu wa kumwangalia mwenzao mgonjwa na kumzika aliyekufa. Hali kadhalika vyama vya makabila mijini, vya Wanyamwezi, Wasukuma, Wazaramo na wengineo, kazi yao kubwa ilikuwa kumpokea mgeni, kumtafutia mahali pa kulala, kumpa nauli aliyeshindwa na mji, na kumnunulia sanda aliyekufa. Mtu aliyetoka Tabora kwenda Dar es Salaam hakuogopa sana kuishi maskini, maana alikwisha kuzoea. Aliogopa kuzikwa na manispaa.

Wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama, na ndani yake kulikuwa na upatu na michango ya harusi, uzazi na msiba. Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954, kilihitaji kuwafikia wanawake wa Dar es Salaam ambao wengi hawakusoma magazeti. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi kiitwacho Bomba. Alipoanza kazi ya kuwaandikisha wanawake mwaka 1955, hakuanza na hotuba za uwanjani. Alianza na viongozi wa vikundi vya ngoma. Kila kiongozi alikuwa na watu wake, na watu hao walikuwa wamezoea kutoa michango na kuaminiana. Kwa muda mfupi maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za TANU. Wanaoandika kwamba TANU iliundwa na wasomi wachache wamelisahau daftari la upatu.

UHURU NA AZIMIO

Mwaka 1964 serikali iliunda Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, ule ambao mwaka 1997 ulikuja kuwa NSSF. Ilikuwa hatua kubwa kwa mfanyakazi, lakini ilimwacha nje mkulima, na wananchi walio wengi sana walikuwa wakulima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndilo lililoweka msingi kwa wote. Lilitamka kwamba kila anayeweza kufanya kazi afanye kazi, na kwamba wanaostahili kuishi kwa jasho la wengine ni wale wasioweza: watoto, wazee, walemavu, na wale ambao dola yenyewe haijaweza kuwapatia kazi. Tunaomba msomaji aliangalie fungu hilo la mwisho. Kukosa kazi hakukuitwa dhambi ya asiye na kazi.

Lakini Azimio lilitaja haki, halikutaja chombo. Nani atamlisha mzee asiye na mtoto? Jibu lililoeleweka na wengi lilikuwa kwamba kijiji cha ujamaa kitamlisha, kutokana na shamba la pamoja. Jibu hilo tutalirudia.

Kwa upande wa huduma zilizowagusa watu wote, mafanikio yalikuwa makubwa, na hapana sababu ya kuyaonea haya. Mkutano Mkuu wa TANU wa mwaka 1971 uliamua kwamba maji, zahanati na vituo vya afya vijijini vitangulie mbele ya hospitali kubwa za mijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadiliana, kisha kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka 1977 watoto wa umri wa shule waliitwa wote darasani. Huko Zanzibar elimu ilitangazwa kuwa bure katika mwaka ule ule wa Mapinduzi, 1964, na wazee wasio na jamaa wakapewa makazi ya serikali Sebleni na Welezo. Sifa moja inaziunganisha huduma hizi: hakuna aliyeulizwa kama ni maskini. Mtoto wa mjane na mtoto wa katibu kata waliketi dawati moja, na palipokosekana dawati waliketi sakafu moja.

Sasa turudi kwenye lile jibu. Mashamba ya pamoja katika vijiji vingi hayakutoa mavuno ya kuwalisha wasiojiweza, kwa sababu kila kaya ilitanguliza shamba lake. Tena kati ya mwaka 1973 na 1976 kuhamia vijijini kuliacha kuwa jambo la hiari. Nyumba zilibomolewa na nyingine zilichomwa moto. Kijana alijenga upya. Mzee alitenganishwa na mikorosho yake, makaburi yake na majirani waliojua kwa nini hana mtoto. Katika sehemu za Usukuma, vikongwe, hasa wanawake wenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, walituhumiwa uchawi na kuuawa, na wapo watafiti wanaoona kwamba kukusanywa kwa watu wasiojuana katika kijiji kimoja kulizidisha mauaji hayo. Wana-CCM wenzetu wengine wangependa jambo hili lisisemwe katika kurasa hizi. Lakini jumuiya tunayoisifu kwa kutunza ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa na uwezo wa kumwua mtu wake aliye mnyonge kabisa, na kada asiyelijua hilo hawezi kumlinda mzee wa kijijini kwake.

Kosa la pili lilikuwa la mijini. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvukazi, na wale walioonekana hawana kazi walikusanywa na kurudishwa vijijini. Nia haikuwa ile ya Mwingereza wa mwaka 1944. Uchumi ulikuwa umebanwa na gharama ya vita vya Kagera na bei ya mafuta, na chakula kilikuwa haba. Lakini aliyepandishwa lori hakuiona tofauti hiyo. Na lile fungu la Azimio juu ya asiyepatiwa kazi na dola lilisahauliwa na watu waliolijua kwa moyo.

BAADA YA MWAKA 1986

Masharti ya wakopeshaji wa nje yalipokubaliwa mwaka 1986, mwelekeo ulibadilika. Kuanzia mwaka 1993 wagonjwa walitakiwa kuchangia gharama za matibabu, na wasio na uwezo wakaahidiwa msamaha. Hapo ndipo umaskini ulipoanza tena kuhitaji ushahidi. Mgonjwa alitakiwa alete barua ya ofisa mtendaji kwamba hana kitu, na barua yenyewe ilihitaji safari, na safari ilihitaji nauli. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa Igunga mwaka 1996. Karo ya shule za msingi, iliyokuwa imerudishwa, iliondolewa mwaka 2001.

Mwaka 2000 uliundwa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ambao mwanzoni ulijenga zaidi madarasa, zahanati na visima kwa kushirikiana na wananchi. Mwaka 2012 ukaanza mpango wa kunusuru kaya maskini, na katika miaka michache ulizifikia kaya zaidi ya milioni moja. Utaratibu wake unafaa kujulikana na kila mwenyekiti wa tawi. Mkutano wa kijiji hutaja kaya zilizo maskini sana. Kisha maswali ya makazi, mali na chakula huulizwa nyumba kwa nyumba. Kisha ruzuku hutolewa, sehemu yake ikitegemea watoto kwenda shule na kliniki. Zipo pia kazi za muda za ujira katika miezi ya njaa, na vikundi vya kuweka akiba. Mama aliyepokea ruzuku akanunua kuku wawili na daftari za shule hajazoeshwa uvivu. Kinachodaiwa na wenye shibe kwamba fedha hizi hulewewa hakijathibitishwa na tafiti zilizofanywa hapa nchini.

Hata hivyo mpango unaochagua una hatari zake. Mkutano ule ule unaoweza kumtaja mjane unaweza kumsahau, kwa sababu haji mikutanoni, au kwa sababu ana ugomvi na balozi wake. Ukaguzi uliofanywa miaka michache baadaye uliziondoa makumi ya maelfu ya kaya ambazo hazikustahili, zikiwemo za viongozi. Kila kaya hewa iliyoingizwa na kiongozi ilikuwa na kaya halisi iliyoachwa nje, na kaya hiyo haikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna ukaguzi unaoweza kuihesabu. Tukumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya fedha imekuwa mikopo ya nje, nayo mikopo hulipwa.

Zanzibar ilichukua njia tofauti. Mwezi Aprili mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa, mvuvi, mkulima wa karafuu au mama wa nyumbani, na kiwango hicho kikapandishwa baadaye. Fedha zilitoka katika bajeti ya serikali yenyewe. Kwa upande wa Bara, wazo la pensheni kwa wazee wote limezungumzwa kwa miaka mingi katika vikao, na kila mara swali la kwanza limekuwa ni gharama. Ni swali la haki kuulizwa, na lijibiwe kwa hesabu. Ila katika hesabu hiyo uwekwe pia ule upande ambao manamba hakuandikiwa. Mwaka 2016 mzee wa Pemba mwenye miaka 70 alikuwa na miaka 18 wakati wa Mapinduzi. Alipokwenda kupokea shilingi zake alitakiwa kuthibitisha umri na makazi yake tu, na hakuna mkutano uliokaa kumjadili kama ni maskini.